Chafya ya Bwana Sura Nyingi

Nikisikia harufu ya mafuta ya nazi kwenye mti mkavu, namwona baba. Kila Alhamisi baada ya alasiri aliketi barazani kwetu, Chole, akaipaka mafuta zumari yake polepole kama mama anavyompaka mtoto mchanga, na ole wake atakayeigusa. Mimi niliigusa. Sikio langu linakumbuka hadi leo.

Baba hakuwa na wa kumshinda. Harusi ikiwa Kiegeani, ikiwa Juani, hata Bweni kule mwisho wa kisiwa kikubwa, ataitwa yeye. Alipuliza kutoka nyumbani kwa bwana harusi hadi mlangoni kwa bibi harusi bila kukata sauti, hewa akiivuta puani huku mashavu yakiendelea kupuliza. Zumari ikikatika njiani, wanawake hunong'ona kwamba ndoa ina nuksi. Ya baba haikukatika hata siku moja. Mtasema najivuna. Najivuna, ndiyo!

Lakini ndani ya Boma la Wajerumani hakuingia. Bwana mkubwa wa pale alisema zumari ni kelele.

Basi hapo Bomani palikuwa na karani Mjerumani, ambaye kwao alikuwa mwigizaji na mpiga muziki. Alikuja barazani kwetu akitusimulia, kwa Kiswahili chake cha kuokoteza, jinsi alivyokuwa mfalme jukwaani leo, mlevi kesho, ajuza kesho kutwa. Fidla, kinanda, tarumbeta, vyote alipiga. Siku alipotuigizia ajuza, mgongo ulipinda, midomo ikaingia ndani, na mama, aliyekuwa ndio kwanza anatoka jikoni, akasema, "Shikamoo, bibi." Tukamwita Bwana Sura Nyingi.

Mdomo ukamponza. Alimwahidi mkubwa wake kwamba siku ya sherehe ya mfalme wao atapiga hata zumari. Akaja kujifunza kwa baba. Maskini! Mashavu yalivimba, macho yakamtoka, pumzi ikakatika palepale. Zilipobaki siku tatu akamsihi baba, "Fundi, wewe piga nyuma ya pazia la makuti. Mimi mbele nitajifanya napiga."

"Wakijua, watakuchapa hamsa ishirini," mama alimwambia baba. Viboko ishirini na vitano havikuwa mzaha siku zile.

"Nimeshakubali," baba akajibu.

Wakafanya mazoezi uani kwetu. Bwana Sura Nyingi alishika zumari ya zamani ya baba, na hakukosea hata mara moja: sauti ikikoma, naye anaishusha. Mimi, mtoto wa miaka minane, nilivimba kwa hasira. Apulize baba yangu, asifiwe mwingine?

Siku yenyewe tulisimama na mama katikati ya umati. Baba akapuliza, na hata bwana mkubwa akasahau sigara yake. Mara, wimbo ukiwa katikati, Bwana Sura Nyingi akaitoa zumari mdomoni akapiga chafya kubwa. Zumari ikaendelea kulia!

Mama alinibana mkono hadi ukaniuma. Bwana Sura Nyingi akaitazama ile zumari, akaitikisa, akaitega sikioni, akachungulia tundu lake. Bwana mkubwa alicheka mpaka akafuta machozi, na watu wote wakaangua kicheko. Ndipo Bwana Sura Nyingi akayasogeza makuti. Baba alikuwa amefumba macho, anapuliza tu, hana habari.

"Fundi ni huyu," akasema, akamwinamia hadi chini.

Baba alifumbua macho, akawaona, na hakukata sauti. Alimaliza wimbo wake mbele yao wote. Hakuchapwa, na tangu hapo kila sherehe aliingia Bomani kwa mlango mkubwa.

Njiani kurudi mama alimsimulia, naye akasikitika. "Ile chafya imemharibia, masikini. Wenzake watamcheka."

Nami niliamini hivyo miaka na miaka, hata baada ya Bwana Sura Nyingi kuondoka Chole. Nimeshakuwa bibi mwenye wajukuu, asubuhi moja mmoja wao akajitia kupiga chafya ili asiende chuoni kusoma Kurani. Nilicheka, kisha nikakaa chini. Mtu aliyemfanya mama yangu amwamkie, ashindwe kuzuia chafya?

Na baba, Mungu amrehemu, alikufa akimwonea huruma.