Neno la Fundi Ndung'u

Baba yangu, Ndung'u, alikuwa seremala wa magari ya ng'ombe katika shamba la mzungu huko Subukia, upande wa kuelekea Kabazi. Magurudumu yake yalipita kwenye matope ya masika na mawe ya kiangazi bila kulia. Watu huwasifu wazazi wao wakishakufa. Mimi nitayasifu magurudumu, kwa sababu hayo hayakunikosea.

Ufundi aliupata Nakuru mjini, kwa mzee mmoja wa pwani aitwaye Shebwana, aliyepanda bara pamoja na reli. Huyo ndiye aliyemwambukiza baba maradhi ya neno fundi. Alimwambia kwamba limetoka kwenye kufunda, kama mwari anavyofundwa na kungwi wake mpaka ajue kuishi na watu. Fundi ni mtu aliyefundwa akafundika, na sasa anaweza kumfunda mwingine. Kushika nyundo si hoja, hata mtoto hushika nyundo. Mwanagenzi hajiiti fundi, wala wateja hawamwiti hivyo. Siku kazi yake ikikosa kasoro, aliyemfunda humtamkia neno hilo mbele ya watu, naye humvika mwalimu wake kilemba kipya. Kabla ya siku hiyo, anayekuita fundi anakuvika kilemba cha ukoka. Baba aliyabeba maneno hayo mpaka Subukia, ambako wazungu walimwita fundi kila aliyejua kupigilia msumari, akawa anawacheka kimoyomoyo.

Karanja, mume wangu, alikuja shambani kukamua ng'ombe, akaipenda karakana kabla ya kunipenda mimi. Baba alimkubali kama mwanagenzi, kisha kama mkwe, na hilo la pili ndilo lililokuwa rahisi. Karanja alikuwa mcheshi na mwenye haraka, na alipiga mluzi akichonga. Baba alisema mluzi unaziba masikio, na gurudumu hukaguliwa kwa masikio. Unagonga kila spoki kwa nyundo ndogo. Iliyokaa sawasawa hulia, iliyolegea hunyamaza.

"Baba yako atanitamkia siku ya kiyama," Karanja aliniambia. "Kilemba atavikwa na malaika."

Tulicheka sana. Tulikuwa na nafasi ya kucheka wakati huo.

Kisha serikali ya wakoloni ikatangaza hali ya hatari, na Wakikuyu wakaanza kuondolewa mashambani kwa malori, eti wanarudishwa kwao. Huko kwetu wengi wetu tulikuwa hatujawahi kukuona. Mwaka wa hamsini na tatu zamu yetu ikafika. Afisa kijana alikuja na askari, tukaketishwa kwenye nyasi mbele ya karakana. Bwana shamba, ambaye tulimwita Kihara kwa sababu ya upara wake, alikuwa ameomba aachiwe mafundi, maana bila wao magari yangesimama. Afisa akakubali. Fundi angebaki pamoja na mkewe na watoto wake wa kuzaa, na wengine wote wangepanda lori. Alisema hivyo kwa sauti, na hakuna aliyekosa kusikia.

Juu ya baba hapakuwa na swali. Kihara akamnyooshea kidole Karanja. "Hii pia ni fundi. Mimi nataka yeye."

Afisa hakumwamini, kwa kuwa mabwana wengi walidanganya ili wasipoteze watu wa kazi. Akamgeukia baba.

"Wewe mzee. Hii kijana ni fundi?"

Gurudumu la Karanja lilikuwa limeegemezwa ukutani. Alikuwa amelimaliza wiki ile, na baba alikuwa hajalikagua. Angeweza kujibu akiwa amekaa palepale. Alisimama, akachukua nyundo ndogo, akaliendea, akaanza kugonga. Nilimwona Karanja akitabasamu, nami moyo ukanitulia, kwa sababu spoki zililia moja baada ya nyingine. Kisha moja ikanyamaza. Baba aliigonga tena huku ameinamisha kichwa, kama alivyofanya siku zote akiwa kazini.

"Bado," akasema.

"Ndung'u, sikia mzuri," Kihara akamwambia. "Hawa nataka kuchukua yeye."

"Nimesikia, bwana. Lakini bado kidogo. Hapa imelegea."

Karanja alinitazama mimi, hakumtazama baba. Alipanda lori na shati lake la kazi, vumbi la mbao likiwa bado mikononi. Mimba yangu ilikuwa kubwa. Nilipojaribu kumfuata, askari alinishusha, akaniambia mtoto wa fundi anabaki. Nilimchukia kila mtu aliyekuwa pale, na mpaka leo sijamaliza.

Miaka ilipita bila habari. Mwanangu alikuwa ameshaanza kukimbia uani siku Nderitu, jirani yetu aliyechukuliwa na lori lile lile, alipoachiliwa akaja kutuona. Alituambia kwamba hawakufikishwa kwao, walitiwa kambi ya kizuizini, na Karanja alikufa humo kwa kuhara, akafukiwa pamoja na wengine, na mahali penyewe hapana alama. Baba alimsikiliza mpaka mwisho, akamshukuru kwa kuja. Watu husema msema kweli ni mpenzi wa Mungu. Basi na wapendane hao wawili, mimi wasinitie humo.

Muda wote huo nilikuwa nikimpikia baba na kumfulia bila kumuuliza kitu. Siku hiyo, mgeni alipoondoka, nilimuuliza.

"Baba, ungesema ndiyo, ungepungukiwa na nini?"

Hakuwa mtu katili. Angekuwa katili ningejua la kumfanya.

"Ningemwita fundi," akasema, "halafu gurudumu livunjike kwenye mteremko, gari limwangukie mtu afe, ningeambia watu nini? Neno lile sikupewa nilitumie nipendavyo. Nilifundwa hivyo, Wariara."

"Baba," nikamwambia, "gari lililongoja gurudumu lile lilikuwa la kubeba samadi."

Alilijua vizuri, kwa kuwa ndiye aliyeliunda.