Silabi Aliyoichukia Marehemu

Juzi nilipita ofisi ya tovuti moja ya habari hapa Musoma kutoa pole. Mwanzilishi wake tulikuwa tumemzika Butiama siku iliyotangulia. Alikuwa mhafidhina kwelikweli: hakuweka picha ya maiti, hakupokea tangazo la kubeti, na ile "ga" yetu ya watu wa Mara, tunayoibandika mwishoni mwa vitenzi, aliifuta kwenye kila habari.

"Mtu akisema, mwacheni," alizoea kutuambia. "Mwandishi akiandika, futeni."

Msaidizi wake alikuwa amemwandikia tanzia: "Mzee alikuwaga mkali." Akaipandisha mtandaoni. Nikaifungua kwenye simu yangu, nikasoma "alikuwa". Akairudisha "ga". Ikatoweka tena. Akairudisha mara nyingine.

"Dada, nani mwingine ana pasiwedi?"

"Mimi na yeye tu, kaka. Yake hakunipaga."

"Na wewe hujagusa kitu?"

Akainua mikono yote miwili juu, kama anayekamatwa. Nilikuwa namwangalia bado, "ga" ilipofutika mara ya tatu.

Mafundi watasema ni kompyuta. Haya. Ila mimi ni mbishi, kwa hiyo nimeweka "ga" moja makusudi katika sentensi yangu ya mwisho.

Mzee alikuwa rafiki yangu.