Kapu Lenye Kitambi

Nimelala miji mingi, ndugu yangu, na siku hizi Dar es Salaam hadi Mtwara ni safari ya kutwa moja tu. Yangu ya kwanza ilikula siku nne. Ilikuwa masika. Baba, mwalimu wa shule ya msingi, alikuwa amehamishwa kutoka Singida, na mama alibaki kwetu na mtoto mchanga. Tulikwama kwenye tope, tukasubiri kivuko cha Rufiji, tukala mahindi ya kuchoma mpaka fizi zikaniuma. Tulishushwa alasiri katika kijiji kilicho karibu na pale Ruvuma inapomwaga maji yake baharini. Mtu wa kwanza kutusemesha alikuwa bibi jirani, ameketi barazani, magoti yamefunikwa na majani ya mkindu.

“Mwalimu,” alisema, “huyu mtoto ana njaa au ndiyo sura yake?”

Nikapewa ugali wa muhogo na kisamvu cha nazi. Tangu siku hiyo nikawa mtu wa baraza ile. Baba alikuwa na madaftari yake ya kusahihisha. Mimi nilikuwa na bibi.

Bibi alisuka vikapu. Aliyachana majani yaliyokauka kuwa nyuzi nyembamba, mengine akayachemsha kwenye rangi nyekundu, na nyumba nzima ikanuka kama majani mabichi yaliyoungua. Kisha aliloweka, akasuka ukili, yaani utepe mrefu usiokwisha, ambao baadaye huzungushwa na kushonwa ukingo kwa ukingo mpaka kapu lisimame. Alikuwa na msemo wake: mkono wa msukaji ni kama kikohozi chake, hata asipoonekana utamjua. Kwa hiyo ukili ulioanzwa na mtu humalizwa na mtu huyohuyo.

Pale palikuwa na mjukuu wake, msichana wa rika langu, anayesuka kapu lake la kwanza. Bibi alimwita “mke mwenzangu”, kwa utani wa bibi na mjukuu. Alimshika vidole, akampulizia vilipochubuka. Mimi aliniita “mtoto wa mwalimu”. Kwa heshima kabisa, na heshima ile ilinikata maini. Siku nilipoomba nifundishwe, yule msichana alicheka mpaka akakaa chini.

“Mwanamume asuke ukili! Nenda kamshikie baba yako chaki!”

Bibi naye alicheka. Nikacheka pia, huku moyoni naungua.

Msimu wa korosho ulipofika, walikwenda shambani kuokota. Ukili wa yule msichana ulikuwa umening’inizwa kwenye msumari, umeviringwa vizuri, mwisho wake umefungwa kwa uzi. Niliushusha. Nilikuwa nimeangalia miezi mingi kiasi kwamba vidole vyangu viliamini vinajua. Nikasuka kiasi cha shibiri moja, nikafunga uzi kama nilivyoukuta. Siwezi kukudanganya leo kwamba nilitaka kusaidia. Nilitaka kuwamo.

Hakuna aliyegundua. Msichana aliendelea kusuka juu ya kazi yangu mpaka akamaliza, na bibi akachukua sindano yake nene ili amwonyeshe kushona. Alikuwa akiupitisha ukili vidoleni bila kuutazama, anasimulia habari nyingine kabisa, ghafla vidole vikasimama.

“Mke mwenzangu, hapa ulikuwa mgonjwa?”

“Hapo si mimi, bibi.”

Wote wawili wakanigeukia. Nilitazama miguu yangu.

Nilingoja kofi, halikuja. Wala hakukata kile kipande, maana ukili ukikatwa katikati hufumuka. Akashona hivyo hivyo, na shibiri yangu iliyolegea ikaangukia ubavuni. Kapu liliposimama lilikuwa na uvimbe upande mmoja. Msichana alilia. Alipoanza kulibeba gengeni aliugeuzia uvimbe kwenye mbavu zake usionekane, na kila aliponikuta njiani alisema, “Nimetoka na kitambi chako, mtoto wa mwalimu!” Niliona aibu, lakini chini ya aibu kulikuwa na furaha mbaya: katika nyumba ile kulikuwa na kitu changu ambacho hakingeweza kutolewa.

Bibi ameshafariki. Nimesikia mikindu ya bondeni imefyekwa, na gengeni watu wanabeba ndoo za plastiki. Kila nikiona kikapu cha ukindu, popote nilipo, hupapasa ubavu wake kwanza.

Lakini nirudi siku zile: baba alihamishwa tena. Asubuhi ya kuondoka, lori likinguruma, bibi alivunja kuti la mnazi, akafuma pakacha mbele ya macho yetu, akalijaza korosho. “Hili la njiani,” alisema. “Likikauka, tupa.” Mjukuu wake alisimama nyuma yake, kapu lake mkononi. Nikasema nalitaka lile.

“Hilo hapana,” bibi akajibu. “Hilo lina mkono wako. Ukilichukua, sisi tutabaki na nini?” Kisha akanisukuma kichwa taratibu. “Haya, panda, mume wangu.”

Nilipanda. Msichana alipunga mkono mmoja, na ule mwingine ukalikumbatia kapu, kitambi kikielekea barabarani. Miezi yote ile nilikuwa nimemwonea wivu yeye. Lori lilipoondoka, nililionea wivu lile kapu lililobaki.