Habari za Usingizi

Wiki ya mwisho ya mafunzo ya jeshi la Kanada, kambini, walitupima mate. Kila asubuhi, kabla hata ya kunawa uso, tulitema kwenye kichupa ili wapime homoni za msongo. Daktari alitueleza kwamba homoni hizo hupanda asubuhi zikuamshe, na usiku hushuka upate kulala. Akapima na ya jioni. Zangu zilikuwa zimegoma kushuka.

"Wewe mwenyewe unajisikiaje?" akaniuliza kwa Kiingereza.

"Nzuri tu," nikamjibu kwa Kiingereza chake.

Akaandika, akaita mwingine. Mimi bado nimekaa, namsubiri aulize tena.

Nimelelewa Tanga, na kwetu habari huwa nzuri kwanza. Hata mfiwa hujibu, "Nzuri, ila baba ametutoka." Mwenye adabu huuliza za nyumbani, za watoto, za kazi, na humo ndimo shida inapojitokeza. Wenzetu hawa huuliza mara moja na kukuamini. Nilimkasirikia yule daktari, ingawa kosa si lake. Mate yalisema kweli, ulimi wa kinywa hichohicho ukayakanusha.

Nikapewa likizo, nikarudi Toronto kwa mama, kwenye maghorofa ya mtaa wa Dixon. Siku ya kwanza mfuniko wa sufuria ulimponyoka jikoni. Nilijikuta nimesimama wima kando ya friji, ngumi nimekunja, moyo unanienda mbio. Mama aliniona, akageuza chapati yake.

"Habari za kambini?"

"Nzuri, mama."

"Za wenzio?"

"Wazima."

"Na za usingizi?"

"Nzuri," nikasema, "ila silali. Naogopa siku moja nitampiga mtu. Naogopa nitakupiga wewe."

Nililia mbele ya chapati kama mtoto. Mama akazima jiko.

"Daktari umemwambia?"

"Aliniuliza mara moja tu."

"Mwanangu, atakuulizaje mara tatu, kwani ni shangazi yako? Kwake anza na shida."

Likizo ilipoisha nilimwona tena daktari yuleyule. Akauliza ninajisikiaje.

"Silali," nikasema.

Sikuwahi kumjibu mkubwa hivyo. Niliona haya, kama niliyeingia nyumba ya watu bila hodi. Daktari akaweka kalamu chini, akaniuliza tena.