Jezi Zilizofuliwa Ziwani

Mwezi uliopita nilishuka Liuli kumsalimia mama mdogo, na kabla sijamaliza ugali wake wa muhogo na usipa, dagaa wa ziwa letu, nikawa nimeshaulizia uwanja wetu wa mpira wa pete. Upo, ndugu yangu, na umewekewa magoli ya chuma. Ya kwetu yalikuwa miti miwili, na ringi zake aliziunda fundi baiskeli. Ile ya upande wa ziwani ilipinda kidogo, nami niliijua vizuri kuliko sura yangu. Mfungaji wa shule nilikuwa mimi, na si kwa kubahatisha.

Ndiyo maana siku ile iliniuma. Wasichana wa shule moja ya Mbinga waliteremka na lori, wamevaa masweta kwenye joto letu, tukawacheka. Wakatutangulia kwa goli moja. Mpira wa mwisho nikapewa mimi, chini kabisa ya ringi, kijiji kizima kimesimama, nikakosa. Lori likaondoka likipiga honi, wenyewe wakiimba. Niliapa sitaugusa mpira tena.

Mwalimu wetu wa michezo, mama aliyehamishiwa kwetu kutoka Tabora, alikuwa na sheria yake ya kushindwa. Hakuna kwenda nyumbani. Wote ziwani na mche mmoja wa sabuni, na kila mtu anafua jezi ya mwenzake.

"Semeni sasa hivi yote yanayowakera," alisema. "Jezi zikishaanikwa, mechi imekwisha. Sitaki kumsikia mtu."

Yangu ilichukuliwa na nahodha, msichana mwenye mdomo. Aliisugua kwenye jiwe huku akinisema.

"Chini ya ringi kabisa! Hata bibi yangu angefunga. Ulikuwa unaangalia nini, masweta yao?"

Nililia, sina haja ya kuficha. Kisha nikamwambia pasi zake zilikuwa zinachelewa. Akasugua, akasema ni kweli. Maji yalikuwa yanatupiga magotini na mikono yote inanuka sabuni. Tukazianika jezi juu ya majani, mwalimu akatugawia mihogo ya kuchemsha.

Asubuhi yake, mama muuza mandazi wa pale shuleni akaniona.

"Si wewe uliyetuaibisha jana?"

Kabla sijafungua mdomo, nahodha akadakia, "Shikamoo, mama. Jezi tumeshaanika."

Yule mama hakuelewa kitu. Mimi nilielewa, na jioni hiyo nilikuwa uwanjani narusha. Walipokuja tena wale wa Mbinga niliwafunga mpaka wakaomba maji.

Mwalimu alihamishwa, na sheria yake ikaondoka naye. Siku hizi kila mtoto ana jezi yake yenye jina mgongoni na anaifua kwao. Maneno nayo yamehamia kwenye simu, ambako hakuna wa kusema sasa basi.

Nayajua haya kwa sababu binti yangu ni golikipa wa mpira wa miguu shuleni kwao hapa Mbinga. Jumamosi alipitwa na mpira mwepesi, wakafungwa. Alijifungia chumbani, simu yake inalia kila dakika, akasema akiwa humo ndani kwamba ameacha mpira. Nikailoweka jezi yake kwenye beseni, nikakunja mikono ya gauni. Halafu nikasita. Kufua najua, lakini mimi sikucheza naye.

Nikajifuta mikono, nikampigia mama wa nahodha wao. "Dada," nikamwambia, "mlete mwanao hapa kwangu. Kuna jezi anatakiwa aifue."