Moto Niliomwashia Mtani Wangu

Ipole, porini kusini ya Tabora, nilikwenda kwa hasira tu. Nilikuwa nimemaliza shule pale Tabora mjini, baba yangu Mzaramo wa pwani aliyeletwa na kazi ya reli, na kila siku nyumbani nasimangwa kwamba wenzangu wanajenga taifa, mimi najenga tumbo. Bwana nyama, ofisa wa wanyamapori, alikuwa anatafuta vijana wa kujitolea kulinda palahala, wale swala wakubwa weusi wenye pembe zilizopinda kuelekea mgongoni. Nikajiandikisha, nikafunga mzigo, hata kuaga sikuaga vizuri.

Kumbe kulinda wanyama ni kufyeka! Nilidhani nitapewa bunduki, nikapewa fyekeo. Tulikuwa sita, kazi yetu kusafisha njia ya moto, ukanda mtupu usio na jani, kuzunguka bwawa moja porini. Kiangazi kikikaza, maji na majani mabichi vilibaki hapo tu. Palahala wakifukuzwa pale, wanakwenda kuangukia kwenye mitego ya waya, wanakwisha.

Aliyetuongoza alikuwa mrina asali wa kijiji cha ujamaa, Mnyamwezi mfupi, mkavu, asiyejua kuchoka. Aliposikia mimi Mzaramo, basi nimekwisha. Makabila yetu ni watani tangu enzi za misafara, na mtani anaweza kukutukana, kukunyang'anya kofia, hata kukuharibia kitu chako, na kukasirika huruhusiwi.

"Babu zangu wametembea miezi mitatu na mizigo kichwani kuwafuata nyinyi," ananiambia mbele ya watu, "wakawakuta mmelala. Mpaka leo hamjaamka. Fyeka!"

Nilikuwa namjibu maneno ambayo nyumbani ningechapwa kwayo. Anacheka mpaka anakaa chini.

Lakini wallahi, mtu yule alikuwa fundi. Anagusa alama ya kwato kwa kidole, anakwambia huyu jike, amepita alfajiri, ndama wake anachechemea. Unafuata, unakuta kweli. Mizinga yake yote, ya magome ya miti, ilining'inia kwenye msitu wa miyombo ng'ambo ya njia yetu ya moto. Miyombo ilikuwa imechanua na nyuki wanafanya kazi. Asali ya msimu ule ilikuwa ya harusi ya binti yake: ya kupeleka kwa wakwe, na ya pombe ya siku yenyewe. Harusi hiyo aliitaja kila tulipokaa kula.

Mchana mmoja wa mwezi wa tisa tukasikia harufu, halafu tukaona moshi. Mtu alikuwa anachoma shamba jipya la tumbaku, moto ukamshinda. Ulikuja na upepo, majani marefu yanalia pwaa pwaa, na sote tukaona kwamba ukanda wetu ni mwembamba mno. Moto ungeruka tu.

Dawa ilikuwa moja, nayo kila mtu aliijua: kuchoma sisi wenyewe kuanzia kwenye ukanda, moto wetu uende kukutana na ule, ukute hakuna cha kula. Ila hapo katikati ndipo ilipokuwa mizinga yote ya yule mrina. Moto wa upepo ungeweza kupita mbio chini yake; wetu, wa polepole, usingebakiza hata mmoja.

Hakuna aliyejitokeza. Wale wenzangu wanne walikuwa wa kijiji chake, na kumchomea jirani mizinga ni uadui wa mpaka kwa wajukuu. Yeye mwenyewe hawezi. Kwao mrina akichoma mzinga wake kwa mkono wake, nyuki hawamrudii tena maisha. Alitazama bwawani, kundi limesimama limeinua vichwa. Akatazama miyombo yake. Halafu akanigeukia mimi.

"Mtani," akasema, "nimekutukana vya kutosha. Leo lipiza."

Akanipa kiberiti.

Nilimwambia hapana. Nilimwambia ana wazimu, nikamtaja binti yake. Akanipigia kelele, "Washa, mvivu wewe wa pwani!" na machozi yanamtoka. Nikawasha. Magome yale makavu yalishika haraka, mzinga mmoja baada ya mwingine, nyuki wakapanda juu kama moshi mwingine. Mioto miwili ikakutana, ikafa. Nilikaa chini nikalia bila aibu.

Tangu siku hiyo nimefanya kazi na wakubwa wengi wenye vyeti vya wanyamapori. Sijaona wa kumfikia yule.

Asubuhi tulihesabu kundi pale bwawani, kisha akanichukua nyumbani kwake. Mkewe alikuwa mlangoni, habari zimeshafika.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nani kawasha?"

"Mimi."

Alijifunga upya khanga kiunoni. "Shukuru Mungu wewe ni mtani," akasema. "Ungekuwa mtu mwingine ungetoka hapa unatambaa. Ingia ule."

Binti ndiye aliyeniletea maji ya kunawa. Harusi ilikuwa imeshasogezwa mpaka msimu mwingine, na macho yake yalikuwa yamevimba. Nikanyoosha mikono. Akawa anamimina polepole, hanitazami.

"Palahala wamepona?"

"Wamepona."

"Na yule ndama anayechechemea?"

"Yupo. Nimemwona asubuhi hii."

Akaweka kata chini, akanisogezea ugali.

"Basi kula," akasema.