Fundo Nyuma ya Kadi

Mpaka mwisho Bi Mwanamize wa Shumba aliulamba uzi kabla ya kuutia sindanoni, ingawa bintiye Zulekha alimnunulia kidude cha kutungia. Kila Idi alimtarizia mwanawe Nassor, aliyehamia Maskati, kadi ya maua ya utepe.

Mwaka huu mikono ilimtetemeka, naye hakutaka Nassor ajue kuwa anaumwa. Waridi la mwisho likabaki nusu. Mama alipopitiwa na usingizi, Zulekha akalimalizia, akiuigiza mkono wake.

Alipoamka, Bi Mwanamize aliigeuza kadi akaipapasa nyuma. Yeye hakupiga fundo kamwe. Kama alivyofunzwa kwenye ushonaji wa kofia, ncha ya uzi aliificha chini ya mishono. Kidole kikagota kwenye fundo.

“Hiki nini, kipele?”

“Nisamehe, mama. Nifumue?”

“Na matundu utayaficha wapi? Karatasi hii, si kitambaa.”

Zulekha akainama. Mama akailaza kadi kifuani. Kisha akasema maneno ambayo ndiyo ya mwisho Zulekha kuyasikia kutoka kwake:

“Mpelekee vivyo hivyo, mwanangu. Akiliona fundo, ajue mkono wangu umechoka.”